Kurusha droni Arusha na Moshi: mwongozo kamili wa kimo na umbali

Droni ikisoma mita 110 kwenye skrini, ni mita 110 kutoka wapi? Warushaji wengi wa huku watakujibu "kutoka chini", na mahali kama Kahe, ambako ardhi imelala, jibu hilo linatosha. Panda Kibosho, Marangu, Ilboru au Olmotonyi uone. Droni nyingi za hobi huhesabu kimo kuanzia pale ziliponyanyuka. Hazijui kwamba mteremko umezikimbia kwa chini, au kwamba umepanda kuzifuata. Unaweza ukavunja sheria huku skrini ikikuambia uko sawa. Unaweza pia kugonga mti wa mgrevilea wa jirani huku skrini ikidai uko mita 70 angani.

Mwongozo huu ni wa mwenye droni ndogo ya kamera anayerusha kwa kujifurahisha. Nitakaa sana kwenye kimo na umbali, maana ndiko tunakoteleza sisi watu wa milimani. Habari za kupata video tamu ya machweo zimejaa mitandaoni, sitazigusa.

Karatasi kabla ya betri

Anga la Tanzania liko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Tangu mwaka 2018 zipo kanuni maalumu za ndege zisizo na rubani. Droni husajiliwa, na kuirusha kunahitaji kibali. Wizara ya Ulinzi nayo ina neno lake kwenye kibali hicho, kwa hiyo usitarajie kuomba Ijumaa na kurusha Jumapili. Ukiwa unaagiza droni kutoka nje, anza na TCAA kabla hujamlipa muuzaji. Mzigo uliokwama forodhani ni shughuli nyingine kabisa.

Kuna imani moja imeenea sana: kwamba droni ya gramu 249 haina haja ya kibali. Namba ile ni ya sheria za Marekani na Ulaya, ambako mpaka wa gramu 250 una maana yake. Watengenezaji waliipunguza droni uzito kwa ajili ya masoko hayo. Haikutungwa kwa ajili ya Kaloleni wala Majengo.

Imani ya pili ni kwamba programu ya droni ikikuruhusu kupaa, basi umeruhusiwa. Hapana. DJI wenyewe, watengenezaji wakubwa wa droni, waliondoa kizuizi cha lazima kwenye programu yao kule Ulaya, kisha Marekani mwezi Januari 2025, wakabakiza maonyo tu. Programu haitoi kibali cha anga, na kunyamaza kwake hakumaanishi lolote.

Hobi inaishia pale unapopokea malipo. Bwana harusi akikupa hata hela ya mafuta ili umrekodi msafara, hiyo ni kazi, na masharti yake ni mengine.

Futa kwanza sehemu zisizoruhusiwa

Fungua ramani kwenye simu au kompyuta, uanze kwa kufuta.

Hifadhi za taifa zinatoka zote, isipokuwa una kibali maalumu cha Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, juu ya kile cha TCAA. Kwa Kilimanjaro watu hudhani hifadhi inaanzia getini. Mpaka ulipanuliwa mwaka 2005 ukaingiza msitu wa asili, kwa hiyo ule ukanda wa kijani unaouona juu ya mashamba ya Machame na Marangu ni hifadhi tayari. Hifadhi ya Taifa ya Arusha nayo imebeba Mlima Meru, Ngurdoto na maziwa ya Momella. Ziwa Duluti kule Tengeru na msitu wa Rau pale Moshi ni maeneo ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Huko unaanzia ofisini kwao, si ufukweni.

Sababu si ubishi wa maofisa. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanyika pembezoni mwa hifadhi zetu, ikiwemo Tarangire, ambako droni zilitumika kufukuza tembo mashambani, na zikaweza. Mlio ule unaotuudhi sisi kidogo tu unamtimua mnyama wa tani kadhaa. Mbuzi na ng'ombe wa Monduli hawana ujasiri zaidi ya tembo. Ukiona kundi linachungwa, tua, lipite.

Futa kambi za jeshi, vituo vya polisi, magereza, ikulu ndogo, na majengo ya kimataifa ya Arusha kama makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hapa hakuna mjadala. Kisha futa viwanja vya ndege, ambavyo vinahitaji maelezo zaidi.

Tuna vitatu: Arusha pale Kisongo, kile cha kimataifa cha Kilimanjaro, KIA, katikati, na kile kidogo cha Moshi. Watu huchora duara kuzunguka kiwanja wakaridhika. Duara ni mwanzo tu, kwa sababu hatari imelala kama mkanda kufuata njia ya kurukia. Ndege inayokuja kutua hushuka kwa pembe ya nyuzi 3 hivi. Kwa hesabu hiyo, kila kilometa iliyobaki kufika kwenye njia ni kama mita 52 za kimo. Ikibakiza kilometa 2, iko kati ya mita 105 na 120 juu ya ardhi. Hicho ndicho kimo ambacho wewe unadhani ni chako.

Njia za kurukia za Kisongo na KIA zimelala mashariki na magharibi. Kwa Kisongo, mashariki ni mashamba ya Burka na kuendelea upande wa mjini. Asubuhi ndege ndogo za watalii hutoka pale kwenda Serengeti, na asubuhi ndiyo saa ambayo wewe pia unataka kurusha, kwa sababu hewa imetulia. Anayeishi chini ya mkanda huo atafute pengine pa kurushia, hata kama uwanja wa nyumbani kwake ni mkubwa na mzuri.

Moshi ongeza helikopta za uokoaji zinazoshusha wagonjwa kutoka mlimani. Hazifuati njia ya kurukia, na zinaweza kupita chini kuliko unavyotegemea.

Kwa nini mita 120

Mpaka wa kawaida ni futi 400, yaani mita 120 hivi juu ya ardhi. Ndege zenye watu, zikiwa hazipai wala hazitui, kwa kawaida hazishuki chini ya futi 500, yaani mita 150. Katikati inabaki nafasi ya mita 30 tu ya kusameheana. Ukipanda hadi 140 "kidogo tu nione Mawenzi", nafasi yote umeimaliza wewe.

Angalia pia vipimo vya programu yako. Kuna mtu husikia mwisho ni 400, akaandika 400 kwenye programu iliyowekwa kwa mita. Hapo amejipa zaidi ya mara tatu ya ruhusa. Weka kila kitu kwa mita, andika 120 kama kikomo, usiguse tena. Kibali chako kikitaja namba ndogo zaidi, hiyo ndiyo yako.

Hesabu ya mlima

Hapa chukua kalamu. Utahitaji Google Earth au ramani yoyote inayoonyesha mwinuko wa ardhi kutoka usawa wa bahari. Weka alama mahali utakaposimama, soma mwinuko. Kisha zungusha kidole kwenye eneo lote unalotaka kufika, utafute sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa.

Tuseme unarukia shambani Kibosho kwenye mwinuko wa mita 1,400. Unataka kwenda mbele mita 700 kuelekea mlimani, ambako ardhi iko 1,460. Skrini ikisoma 80, kimo chako halisi kule juu ni mita 20. Migrevilea ya mpakani hufika mita 20 na zaidi bila shida, na mikaratusi huipita hiyo. Umekwisha.

Sasa geuka. Upande wa pili wa shamba lako kuna korongo, kama yalivyo makorongo mengi yaliyokata miteremko ya Kilimanjaro, na chini yake ni mita 1,340. Ukitoka juu ya ukingo ukiwa mita 100 kwenye skrini, ghafla uko mita 160 juu ya ardhi iliyo chini yako. Hujagusa kitufe chochote cha kupanda.

Kwa hiyo kabla ya kila safari natafuta namba mbili. Ya kwanza naiita dari: 120 kutoa kiasi ambacho ardhi inashuka. Kwa mfano wetu, 120 kutoa 60, dari ni 60. Ya pili ni sakafu: kiasi ambacho ardhi inapanda, jumlisha mti mrefu kuliko yote, jumlisha mita 20 za akiba. Yaani 60 na 25 na 20, sakafu ni 105.

Sakafu imezidi dari. Hakuna kimo kimoja kitakachofaa safari ya kupita korongo na kupanda mlima kutoka pale uliposimama. Gawanya safari. Leo rusha upande wa korongo peke yake chini ya 60. Kesho sogea juu, urukie karibu na unakotaka kupiga picha, na hesabu itakuwa rahisi. Warushaji hawapendi kutembea. Lakini mita mia tano za miguu kupanda mlima huondoa nusu ya matatizo yote ya urefu, na afya utapata.

Hesabu hii inauma zaidi kwenye kitufe cha kurudi nyumbani, yaani pale droni ilipopaa. Droni ikipoteza mawasiliano ikiwa mbali, kawaida hupanda hadi kimo ulichoiwekea, kisha inarudi kwa mstari ulionyooka. Haikumbuki kwamba ulizunguka kilima ukienda. Kimo kile kilichokuja kutoka kiwandani hakijui kitu kuhusu Uru. Kiweke upya kila unapobadilisha mahali: kitu kirefu zaidi kwenye mstari huo, pamoja na mwinuko wa ardhi, ujumlishe mita 20. Hapa ndipo minara ya simu na nguzo za TANESCO zinapoingia kwenye hesabu. Usitegemee kuona waya kwenye skrini. Tafuta nguzo, kisha chukulia kwamba kati ya nguzo na nguzo pana waya.

Na kama unadhani mita 60 zinatosha kupita juu ya mti wowote, mwaka 2016 ilitangazwa kwamba mti mrefu kuliko yote ya asili barani Afrika uko kwenye bonde moja la Kilimanjaro. Ni mkukusu, na una mita 81.5. Huko hutarusha, ni hifadhini, lakini inatosha kukufundisha adabu kwa miti ya upande huu.

Umbali kutoka kwako

Kanuni ni kuiona droni kwa macho yako, si kwa skrini. Macho yana kikomo. Kifaa cha sentimeta 25 kinakaribia kutoweka kwa jicho zima kikifika mita 850 hivi, na hiyo ni kwenye hesabu ya karatasi, anga jeupe, jicho lisilo na miwani. Muda mrefu kabla ya hapo kinabaki nukta. Nukta unaiona, ila hujui pua yake imeelekea wapi, na usipojua pua iko wapi hujui fimbo ya rimoti itaipeleka upande gani.

Jipime hivi: mpe mwenzio rimoti, aigeuze droni ikiwa mbali, wewe useme imeelekea wapi bila kutazama skrini. Pale unapoanza kubahatisha ndipo mwisho wako. Kwa droni ndogo wengi hukwama kati ya mita 150 na 300. Weka namba yako kama kikomo cha umbali kwenye programu. Anayeanza aweke mita 50 kwenda mbele na 30 kwenda juu, akae hapo mpaka achoke.

Rusha na mwenzio. Wewe ukitazama skrini, yeye anatazama anga na watu.

Umbali kutoka kwa watu

Mimi natumia mita 50 kama kiasi cha chini kutoka kwa mtu yeyote asiyehusika, nyumba na gari, na siruki juu ya vichwa vya watu kabisa. Sababu inahesabika. Droni inayozima ikiwa mita 100 juu na inakwenda mita 10 kwa sekunde huchukua kama sekunde 4 na nusu kufika chini. Ukiacha upinzani wa hewa, itakuwa imesogea mbele mita 45. Kwa hiyo kusema "sipo juu yao, nipo pembeni kidogo" hakusaidii kama unaelekea kwao.

Ndiyo maana mikusanyiko haifai: Kilimanjaro Marathon, mechi Sheikh Amri Abeid, Nane Nane pale Njiro, ibada ya nje, msiba. Wanaorekodi hapo kwa kibali wana utaratibu wao na waandaaji. Wewe piga picha na simu.

Mwenyekiti na majirani

Kibali cha TCAA hakimjui mama anayefua nyuma ya nyumba. Siku moja kabla, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana, karibu."

"Samahani mwenyekiti, nina droni, kile kindege chenye kamera. Naomba kukirusha pale uwanjani kesho saa moja asubuhi, kama dakika ishirini. Sitapita juu ya nyumba za watu. Kibali changu hiki hapa."

Swali litakalofuata, hasa Moshi vijijini, karibu kila mara ni hili: "Unapima mashamba?" Usilicheke. Kihamba, shamba la ukoo la Wachaga, ni urithi, kuna kesi za mipaka zilizodumu kizazi kizima, na kindege kinachozunguka juu ya migomba kinafanana sana na kazi ya mpima ardhi aliyeletwa na ndugu mmoja bila wengine kujua. Mwonyeshe video uliyopiga zamani, mwambie unachotaka kupiga, muulize nyumba gani hazitaki. Mwenyekiti akishajua, simu zikianza kumpigia yeye ndiye atakayekujibia.

Faragha ina sheria pia. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na nyumba yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu picha zinazomtambulisha mtu. Ukigundua nyumbani kwamba umenasa ua wa mtu, kata kipande hicho kabla hujarusha mtandaoni.

Hewa ya huku

Arusha mjini iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko pwani, na joto huongeza upungufu. Propela zinafanya kazi zaidi, betri inakwisha mapema. Dakika zilizoandikwa kwenye boksi zilipimwa kwenye mazingira mazuri kuliko ya kwako. Geuza kurudi betri ikiwa asilimia 40, uwe chini kabla ya 25.

Upepo wa mlimani una ratiba. Asubuhi umetulia, jua likishika, hewa hupanda mteremko na mawingu hukusanyika Meru na Kibo kabla ya mchana. Saa moja hadi saa tatu asubuhi ndiyo saa yako. Juu kuna upepo zaidi kuliko ulipo wewe, kwa hiyo tazama vilele vya miti. Anza kwa kwenda kinyume cha upepo ili urudi ukisukumwa. Mawingu yakianza kushuka, shuka nayo.

Siku yenyewe

Funga propela, kagua nyufa kwa ukucha. Weka droni ardhini kwenye sehemu bapa, mbali na gari na zege lenye nondo, maana chuma huchanganya dira. Mawe yetu ya volkano nayo wakati mwingine hufanya hivyo. Subiri GPS ikamilike na programu iseme imehifadhi nyumbani. Ukipaa kabla ya hapo, kitufe cha kurudi hakina pa kurudia.

Panda mita 3, simama sekunde kumi. Sikiliza. Sukuma fimbo zote kidogo kidogo uone inatii. Soma kimo cha kurudi kwa sauti, mwenzio asikie. Ndipo uende, ukikumbuka dari yako na sakafu yako, ambazo ulishaziandika kiganjani au kwenye karatasi.

Yakienda kombo

Ukisikia ndege au helikopta, usisubiri kuiona. Shusha droni mara moja hadi chini ya usawa wa vilele vya miti, kisha itue. Usijaribu kukadiria itapita wapi.

Mawasiliano yakikatika, usikimbilie kuzima rimoti. Inua antena, ubapa wake, si ncha, uelekee upande wa droni, toka nyuma ya nyumba au gari, ipe muda irudi yenyewe.

Mwewe wakianza kuizunguka, ondoka eneo lao polepole utue. Ni ndege wakali wakati wa kuzaa, na wao wapo siku zote.

Askari au mgambo akikujia ukiwa hewani, msalimie, mwambie unatua kwanza, utue kweli, ndipo utoe kibali. Beba nakala ya karatasi. Simu yako iko kwenye rimoti.

Droni ikidondokea kwenye shamba la mtu, usiruke uzio hata kama unaiona. Zunguka mlangoni, bisha hodi, omba. Kama imevunja bati au mkungu wa ndizi, uliza gharama kabla hujaiulizia kamera. Betri iliyobonyea usiiweke mfukoni wala kwenye begi. Iache wazi juu ya udongo, mbali na majani makavu, uitazame kwa nusu saa; ikianza kuvimba au kutoa moshi, kaeni mbali nayo mpaka iishe yenyewe.